Vita vya Mashina ya Pilipili Kijijini Sotgol

Sogeeni, enyi mliowahi kushika kiberiti mkajuta, mkae kitako mnisikilize, maana sisimulii wafalme waliogombea viti wala majeshi yaliyovuka mito. Nasimulia habari za Gu Sang-man, mlinzi wa moto wa Sotgol, simba wa kizibao chekundu, bwana wa kipaza sauti, mpanda pikipiki isiyowaka mpaka ipigwe teke la tatu, aliyeingia vitani siku ya Jumanne mwezi wa Novemba, kabla ya chakula cha mchana, akatoka amebakiwa na nyusi za jicho moja.

Siku kumi na moja alikuwa amezunguka bonde zima akitangaza amri: mtu asiwashe moto karibu na msitu, asichome takataka wala masalia ya shamba, na kila mwenye mashina ya pilipili ayarundike kando ya barabara, kwani Alhamisi ingekuja mashine ya kuyasaga. Watu wote waliitikia, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa Mama Gi-taek, mjane wa miaka themanini na mmoja, malkia wa shamba lililo chini ya kilima cha misonobari, aliyekuwa akichoma mashina yake kila mwaka tangu Sang-man hajaota meno. Yeye alijibu kwamba majivu ni mbolea, na kwamba mashine hiyo hakuialika.

Sang-man hakuwa mtu wa kutishia watu bure. Mwaka juzi bonde la jirani liliungua kwa moto ulioanzia kwenye kirundo kidogo cha majani, na mpaka leo wenyeji wake wanaishi kwenye vibanda vya mabati. Yeye alikuwepo. Aliburuta mpira wa maji siku mbili, na tangu hapo kila aonapo moshi huukimbilia.

Basi Jumanne hiyo akauona: uzi mwembamba, mweupe, ukipanda kutoka shamba la Mama Gi-taek. Teke la kwanza, la pili, la tatu, na shujaa akaruka matuta kama aliyeitwa na mizimu ya mababu.

Alimkuta bibi amechuchumaa na reki yake kando ya moto wenye ukubwa wa mkeka. Nyuma yake, uani, yalikuwa mabeseni matatu makubwa, kabichi sitini zimelowekwa kwenye maji ya chumvi tayari kwa kimchi, ile achari ya kabichi na pilipili inayoliwa majira yote ya baridi.

"Mama Gi-taek, zima."

"Wewe Sang-man," alisema bila kugeuka, "nimekubeba mgongoni hapa hapa, ukanikojolea mpaka kiunoni. Leo unakuja kuniamrisha na hicho kidude chako?"

Shujaa, ingawa adui alikuwa hatua tatu mbele yake, alikiinua kipaza sauti mdomoni. "Wananchi wa Sotgol, moto hauna rafiki, wala haujui nani kauwasha—"

"Wananchi gani? Niko peke yangu."

Hotuba ikaishia hapo, kwa sababu upepo uligeuka. Ulimi wa moto ukatoka kwenye rundo, ukaonja majani makavu, ukayapenda, ukaanza kutambaa kuelekea kilimani. Sang-man aliurukia kwa mabuti. Pampu ya maji aliyoibeba mgongoni ilipiga chafya mbili ikanyamaza. Akakimbilia bomba la shamba, akakuta limefungwa matambara lisigande, halitoi tone. Alirudi akiukanyaga moto huku nyusi zikinukia kama kuku anayebabuliwa.

Mama Gi-taek alitazama juu, penye kaburi la mviringo la mume wake katikati ya misonobari. Kisha akatupa reki.

"Shika huku," alisema, naye tayari ameinamia beseni.

Wakainua pamoja, wakamwaga. Maji ya chumvi na kabichi ishirini viliuangukia moto kama jeshi lililotoka ngomeni, moto ukafoka, ukakohoa, ukafa. Sang-man alichakura majivu yote kwa reki, akayapapasa kwa kiganja kitupu, akakaa nusu saa kuyalinda. Bibi alikaa naye, akisuuza kabichi moja moja katika beseni jingine.

Kisha Sang-man akatoa fomu ya taarifa ya moto. "Jina?"

"Umechanganyikiwa? Unanijua tangu ulipozaliwa."

"Fomu haitaki Mama Gi-taek. Inataka jina lako mwenyewe."

Bibi alifikiri kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani. "Bong Pil-rye," alisema.

Sang-man akaandika, akamsomea ahakikishe. Bibi akamwomba asome tena. Akasoma. Halafu bibi alichana jani la kabichi, akalitia mdomoni mwa mlinzi wa moto kwa vidole vyake, akauliza kama chumvi imekolea. Sang-man alijibu kwamba imekolea, ila lina majivu. Akaambiwa ale.

Alikula, wala hakufuta neno kwenye fomu. Na hivyo ndivyo ilivyoingia katika historia ya wilaya, kwa kalamu ya bluu, ili vizazi vijue: eneo lililoungua, mkeka mmoja; msitu, salama; aliyewasha, Bong Pil-rye; waliozima, Gu Sang-man na Bong Pil-rye.