Nyayo za Chuma

Asubuhi ile Mama Birika alimimina kahawa huku habari ikimwasha mdomoni. Zahanati ya nyuma ya stendi imefungua chumba, mlango namba nne, na humo yumo muuguzi aliyesomea miguu ya wenye kisukari. Anaiosha, anakata kucha, anapunguza sugu, anapaka mafuta.

Wakili akaweka kikombe chini. Huyu anauza miavuli na mahakama hajaiona hata kwa mbali, lakini hakuna kesi inayompita. Akasema dunia imekwisha, ikiwa mtu mzima na ndevu zake anamnyooshea muuguzi kidole gumba akatwe kucha kama mtoto wa chekechea. Fundi viatu, ambaye benchi letu limeegemea kibanda chake, akasema yeye angekwenda kwa ajili ya mafuta tu.

Tukamgeukia Chuma. Kati yetu mwenye kisukari ni yeye. Kahawa yake haijaona sukari, huu mwaka wa kumi na moja. Alibeba magunia ghalani mpaka akastaafu, na jina alilipata kwa miguu yake: anakanyaga kokoto za jua kali, peku, bila kukunja uso. Sugu zake huzichonga mwenyewe kwa wembe kila Jumapili, kisha Jumatatu tunasimuliwa.

"Miguu yangu haijawahi kuniuma," akasema. "Huyo muuguzi ataitibu nini?"

Mama Birika akamjibu taratibu kwamba hapo ndipo penye hatari. Kisukari kikizoea mwili, mguu unaingia ganzi, na mwenyewe anaiita nguvu. Akaeleza na kipimo chake: mgonjwa anafumba macho, anaguswa wayo kwa uzi wa nailoni, anasema kila anaposikia.

Kulisema hilo mbele ya Fundi ni kumwonyesha paka kitoweo. Uzi wa nailoni ndio anaoshonea soli. Kufumba na kufumbua, Chuma ameketishwa, mguu wa kulia juu ya kigoda, macho yamefungwa kwa kitambaa cha kung'arishia viatu, na Wakili amejiteua kuwa refa.

Fundi akagusa kisigino. Kimya. Akagusa katikati ya wayo. Kimya. Akaachia uzi, akachukua kikombe chake, akapiga funda.

"Nasikia," Chuma akasema. "Kidole gumba."

Tukaziba midomo. Mteja akaita, Fundi akavuka njia kumpimia kandambili. Nyuma yake Chuma akaendelea kwa utulivu wa mtahiniwa aliyesoma: sasa kisigino, sasa kidole kidogo, na hapo umebonyeza mno, Fundi, punguza mkono. Wakili aliteleza kwenye benchi akakaa chini. Mimi kahawa ilinipanda puani. Refa akatoa hukumu akiwa palepale chini kwamba mtu anayeguswa na asiyekuwapo ana kesi ya majini, si ya kisukari.

Chuma akavua kitambaa, naye anacheka. Akamwona Fundi ng'ambo ya njia, kandambili mkononi. Kicheko kikakatika.

"Nani alikuwa ananigusa?"

Fundi akarudi, akapiga magoti, akauinua mguu autazame. Chini ya kidole gumba, pale wembe wa Jumapili ulipopita, palikuwa na kidonda kibichi cha ukubwa wa kifungo cha shati. Mwenyewe hakujua kama kipo.

Wakili akasema tuondoke saa hiyohiyo. Chuma akalishika benchi kwa mikono miwili.

"Siendi. Kaka yangu aliingia hospitali na miguu miwili, akatoka na mmoja."

Mama Birika akatua birika chini, jambo ambalo saa za biashara halijawahi kutokea. "Alikwenda lini?"

"Mguu ulipoanza kunuka."

"Basi kilichomkata ni kuchelewa, kaka yangu. Wako bado unanuka dawa ya viatu tu. Inuka."

Akainuka. Fundi akakataa wayo ule uguse ardhi, akamwaga ngozi zake zote kutoka kwenye mkokoteni wake, tukampakia. Wakili alitangulia akipigia watu kelele wapishe. Chuma, aliyebeba mizigo maisha yake yote, alilalamika njia nzima kwamba hatujui kupanga mzigo, uzito haukai nyuma hata siku moja.

Muuguzi alikuwa mama mfupi mwenye miwani. Alipima joto la maji kwa kiwiko, akaosha, akakausha kila upenyo wa vidole kana kwamba anafuta vikombe vya wageni. Chuma alivumilia mpaka alipoona mkasi.

"Utaukata?"

"Nitakata kucha."

Chuma akafuta macho, akasema ni sabuni. Sabuni ilikuwa miguuni.

Kidonda hakijafika mbali, muuguzi akasema. Mguu utabaki, ila arudi kila siku ya tatu, sukari ipimwe, wembe aukabidhi, na wayo utazamwe kila siku bila kukosa. Chuma anaishi peke yake, na kitambi hakimruhusu kuuona wayo wake mwenyewe. Tukagawana siku.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla hata ya salamu, Chuma ananyanyua mguu na mwenye zamu anainama kuusoma. Wiki ya sita kidonda kikafunga. Zamu hatukuziacha.

Juzi ilikuwa ya Wakili. Akapita fundi bomba tusiyemjua, mkoba begani, akasimama, akauliza kama siku hizi tunapiga ramli kwa nyayo. Wakili akamwambia ndiyo, karibu, ya kwanza ni bure. Bwana yule akavua kiatu huku akicheka. Wakili akainama. Kisigino kilikuwa kimepasuka, kina damu iliyoganda. Akamuuliza kama kinamuuma.

"Wapi. Mguu huu tangu mwaka jana hausikii kitu. Haya, mganga, unaona nini?"

"Naona safari."

"Ya wapi?"

"Nyuma ya stendi, mlango namba nne."

Fundi wetu alikuwa ameshaanza kumwaga ngozi kutoka kwenye mkokoteni.