Sekuru wa Dharura Mliyempa Mjukuu Wangu

Shafii Hussein,
Fundi cherehani,
Mtaa wa Waswahili, Muyinga.

12 Machi 2021

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Misaada ya Wanafunzi,
Gitega.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA SEKURU WA DHARURA

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba wewe na wasaidizi wako mko wazima, mnanawa mikono na mnakaa mbalimbali. Sisi huku Muyinga tunanawa mpaka viganja vimechakaa, na afya zetu ni nzuri. Kilicho kibaya ni jambo moja tu, nalo ndilo limenifanya niweke sindano kando na kushika kalamu.

Mimi ni babu. Sisemi kwa majivuno, ndiyo kazi niliyo nayo. Mjukuu wangu Zuena anasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja hapo Gitega, na amepanga chumba Mushasha pamoja na mwenzake Providence, binti wa wakulima wa Ryansoro. Zuena tumemlea mimi na mke wangu Salima tangu hajaota meno, tulipokuwa bado ukimbizini Tanzania. Tuliporudi nyumbani, mimi nilibeba cherehani kichwani na Salima alimbeba yeye mgongoni. Viatu vya shule, madaftari, ada ya chuo, sabuni, vyote vilitoka chini ya sindano yangu.

Kisha ugonjwa huu ukaja. Mpaka wa Kobero ukafungwa, vitenge vikaacha kuingia, harusi zikaahirishwa, na cherehani yangu ikawa meza ya kuwekea vikombe vya chai. Zuena naye alikuwa akiuza vocha za simu karibu na soko siku asizokuwa na masomo, wateja wakapotea. Kila alipopiga simu kuniomba kitu, nilimwambia asubiri kidogo.

Ndipo jioni moja akapiga akiwa na furaha ya Idi, akasema maneno haya, nami nayaandika kama yalivyotoka kinywani mwake: "Babu, usijisumbue tena. Sekuru imeingia. Iko inatusaidia sana."

Mheshimiwa, Kirundi unakijua kuliko mimi, lakini naeleza ili jambo likae wazi hata kwa mgeni atakayefungua faili hili. Sogokuru ni babu yangu. Sokuru ni babu yako. Sekuru ni babu yake. Angekuwa ananitaja mimi angesema sogokuru, au angeniita babu kama siku zote. Yeye kasema sekuru. Babu yake nani? Nilipouliza katoka wapi, alijibu kwamba ni ofisi yenu inatoa, kwa sababu ya dharura ya korona, kwa kila mwanafunzi aliyekwama. Kisha mtandao ukakata.

Wapo watakaoniambia niyaache yapite. Siyaachi. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Nafasi haikuwa wazi. Ofisi inayogawa mababu ilipaswa kwanza kuuliza kama mwanafunzi tayari anaye mmoja aliye kazini. Mimi nipo, napumua, natafuna mwenyewe, na sijawahi kuomba likizo. Hata mwalimu akibadilishwa shuleni, yule wa zamani hupewa barua. Mimi sikupewa hata salamu.

2. Lugha. Zuena alipoondoka kwangu alijua kwamba mtu yuko na kiti kipo. Gitega mmeniharibia mtoto. Huko kwenu kila kitu ni iko: mama iko, mbuzi iko, mvua iko, padri iko. Kwa hiyo niliposikia "sekuru imeingia" sikushangaa, nilisikitika tu. Nilimsahihisha palepale, nikamwambia sema ameingia. Mzee mwenye mvi zake, hata kama amekuja kuninyang'anya kazi, hastahili kusemwa kama gunia la muhogo.

3. Mlango alioingilia. Mama Bernadette, mwenye nyumba wa kina Zuena, ni mkali, na lango lake hufungwa mapema. Nilipopiga tena na kuuliza sekuru huyo alipenyaje, niliambiwa ameingia kwenye simu. Mheshimiwa, mimi nikienda kumwona mjukuu wangu hupanda basi la kupitia Karuzi, na kuku mapajani, na magoti yanaumwa siku mbili baadaye. Wa kwenu anaingia kwenye simu. Sipingi maendeleo, lakini haya si mashindano ya haki.

4. Afya ya wazee. Redio imetuambia kila siku kwamba ugonjwa huu unapenda wazee, kwamba wazee wakae ndani, wasitembelewe, wasikumbatiwe. Nimetii. Salima amenipangia nikae kibarazani, wateja wachache waliobaki wananitundikia suruali zao kwenye kamba na kupaza sauti kuhusu kiuno. Wakati huohuo ofisi ya umma inachukua wazee na kuwasambaza kwenye vyumba vya wanafunzi, vyumba ambavyo kitanda kimoja kinalala watu wawili. Tena mnawatoa wapi? Kila sekuru anayepelekwa Gitega, kuna mtoto mahali fulani anayemtafuta babu yake uani. Nimeanza kufunga mlango kwa komeo mchana. Kama jina langu nami limo katika mpango wenu, na nimepangiwa kijana wa Rutana nisiyemjua, naomba nijulishwe mapema nimalize suruali za watu.

5. Upendeleo. Siku nyingine Providence alichukua simu kunisalimu, kwani ni binti mwenye adabu, akasema: "Babu, mi nayo nimepata sekuru, lakini ya kwangu imechelewa." Nilimtuliza, nikamwambia wazee hutembea polepole. Hapo ndipo akaniambia kwamba mwenzao Crispin, kwa kuwa karatasi zake hazikutimia, amepewa nusu.

Nusu ya sekuru, Mheshimiwa. Nusu ipi? Akipewa ya juu, atashauriwa vizuri lakini hatatumwa dukani kitu kikaja. Akipewa ya chini, atakuwa na mtu wa kumsindikiza chuoni, ila njiani hakuna mazungumzo. Salima anasema labda ni babu mzima anayekuja asubuhi tu na mchana anakwenda kwa mwingine. Ni maelezo ya mwanamke mwenye huruma, na nimeamua kuyaamini ili nipate usingizi.

6. Kufanyishwa kazi kupita kiasi. Juma lililofuata Zuena alinieleza jinsi walivyompanga. Sekuru kidogo kwa Mama Bernadette, kidogo kwenye mchele na maharage, kidogo kwenye intaneti. Nimeelewa kwamba asubuhi mzee wa watu anafagia ua wa Bernadette, mchana anabeba magunia sokoni, na jioni anapandishwa kwenye nguzo za waya. Mimi katika miaka yote ya ubabu sijawahi kupandishwa popote. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza kupungua na huruma ikaingia. Nikauliza kama angalau anakula nyama. Zuena alicheka sana, maana amezoea kwamba nikiuliza jambo lolote ni utani, akajibu: "Nyama tena, babu? Sekuru haifiki huko." Nikaona basi, hata sahani ya nyama hasogezwi karibu nayo.

7. Msiba. Baada ya hapo ulikuja ujumbe kwenye simu yangu, wenye maneno mawili: "Sekuru imekwisha."

Mheshimiwa, nilikuwa nimemwombea mtu huyo aondoke, nakiri, lakini nilimwombea aondoke kwa basi. Nililia. Nilikwenda kwa imamu nikamwomba swala ya ghaibu, ile ya maiti aliye mbali. Akauliza jina la marehemu, sikulijua. Akauliza dini yake, sikuijua. Akaona dua inatosha. Tukamwombea mzee mgeni aliyefia Gitega akiwa kazini, na watu wakaitikia amina kwa sauti nzito, wakiwa wamekaa mbalimbali na barakoa zao, ambazo nyingi nimezishona mimi kwa vipande vya vitenge. Salima alitandika mkeka. Majirani walikuja na sukari.

Kisha nikampigia Zuena kumpa rambirambi, nikiwa nimekwisha kusafisha koo. Akajibu bila sauti kutetemeka hata kidogo: "Si kitu, babu. Watatuma ingine."

Si kitu. Mzee amefagia, amebeba, amepanda nguzo, amekwisha, na si kitu, watatuma ingine. Hamkuleta hata sanda. Sikuambiwa amezikwa upande gani wa mji.

Hayo saba ndiyo niliyoweza kuyapanga kwa namba. Kuna moja ambalo halikubali namba, nami nalisema hivihivi. Zuena haniombi tena kitu. Zamani hakuna simu iliyokatwa bila ombi: babu sabuni, babu kandambili, babu kalamu. Nilikuwa nalalamika kwa majirani kwamba mtoto huyu atanimaliza, na kusema kweli nililalamika kwa sauti ili wasikie. Sasa anapiga, ananisalimu, anauliza hali ya magoti yangu, anaaga. Sikujua kwamba kuombwa ni kitu ambacho mtu anaweza kukikosa na kikamuuma hivi. Mnaweza kumletea mababu wa kuingia kwenye simu kila mwezi, wenye nguvu na wasio na magoti, na mimi nitabaki kuwa mtu wa kusalimiwa tu. Ninaogopa hilo kuliko ugonjwa.

Kwa sababu hizo, naomba ofisi yako isitume mwingine. Kama sheria inalazimisha atumwe, basi nafasi hiyo naiomba mimi. Uzoefu ninao, tangu mtoto hajaota meno hadi mwaka wa pili wa chuo. Naweza kushauri huku nashona. Siogopi kufagia kwa Mama Bernadette. Nguzo sitapanda. Mkiona mimi ni mzima mno kwa bajeti yenu, niko tayari kupokewa kama nusu, na Salima ameshasema atanipa ruhusa ya mchana. Mkikataa hata hilo, basi yafanyike makabidhiano ya heshima, mimi na huyo mpya tukae kiti kwa kiti, nimweleze kwamba Zuena hali bamia, kwamba akinyamaza sana ana homa, na kwamba anasema hahitaji kitu hata anapohitaji. Mtu hawezi kuianza kazi hii bila kujua hayo.

Naishia hapa nisije nikamaliza wino wa ofisi yangu. Nisalimie makarani wote, mlinzi wa lango, na mama anayewachemshia chai. Ipeni pole familia ya marehemu, mtakapoijua. Na wale wazee wengine mliowaweka akiba wakisubiri kutumwa, waambie Shafii wa Muyinga hana chuki nao, kila mtu anatafuta riziki.

Wako katika huduma ya kulea,

Shafii Hussein
Sogokuru wa Zuena

Nyongeza. Mheshimiwa, bahasha ilikuwa imeshafungwa Zuena alipotokea mwenyewe mlangoni, chuo kimewapa mapumziko mafupi. Nilimpa barua aje akuletee kwa mkono. Akataka kujua ina nini, akaifungua. Alianza kusoma akiwa amesimama, kisha akaketi, kisha akajilaza mkekani ameshika tumbo, na Salima akakimbilia ndoo ya kunawia akidhani ndio ugonjwa wenyewe.

Nimeelezwa. Kumbe ni neno la Kifaransa, secours, maana yake msaada, linasomwa sekuru, na ile herufi ya mwisho Wafaransa wanaiandika kwa mapambo tu. Ni pesa. Hakuna mzee aliyeingia kwenye simu, hakuna aliyegawanywa, hakuna aliyefia kwenye nguzo. "Imeingia" ilikuwa sarufi safi kabisa, na mwenye kosa ni mimi niliyesahihisha. Imamu nimeshamwarifu. Amesema dua haipotei, itamfaa mzee mwingine.

Kwa hiyo futa malalamiko yote, la kwanza hadi la saba. Ombi langu la kazi pia lifute. Tuma sekuru ingine, nzima, tena kama ziko mbili tuma mbili, na Crispin naye aongezewe ile nusu yake. Barua yenyewe naituma hivyohivyo kwa sababu mwandiko umetoka vizuri na sina hakika kama nitaupata tena.

Nilimuuliza Zuena kwa nini aliacha kuniomba. Akasema aliogopa ningeuza cherehani. Nilijifanya natafuta sindano, kwa sababu mnunuzi alikuwa ameshakuja mara moja kuitazama.

Kesho asubuhi anarudi Gitega. Sasa hivi, wakati bibi yake anamfungia maharage, amenivuta pembeni ya nyumba akasema kwa sauti ya chini: "Babu, mi sina nauli ya kurudi."

Mheshimiwa, kodi ya chumba mpeni. Chakula mpeni. Intaneti mpeni. Nauli, nakuomba sana, msimpe.