Uzinduzi wa Reli ya Uani kwa Bi Mwanakuu

(Ilitolewa uani kwa Bi Mwanakuu, mtaa wa Kuze, Mji wa Kale, Mombasa, Jumamosi baada ya swala ya alasiri. Msemaji alisimama juu ya kinu kilichopinduliwa.)

Mheshimiwa Bi Mwanakuu, Mlezi wa Ua huu na Mshika Ufunguo wa Kabati la Vikombe. Mheshimiwa Mjomba Ishaq, Msemaji wa Familia katika mambo yanayomhusu na yasiyomhusu. Waheshimiwa mashangazi wa safu ya mbele, na mashangazi wa safu ya nyuma mnaosikia vizuri zaidi. Bwana Ngumbao, mwenzangu wa godauni huko Shimanzi na Mkuu wa Idara ya Mvuke. Paka wa kisimani. Na kwa namna ya pekee, kwa heshima ambayo itifaki haina kipimo chake, mke wangu Lamis, ambaye leo amejitanda leso ya manjano na kunisahaulisha ukurasa wangu wa kwanza: asalaam aleikum.

(Waaleikum salaam. Bi Mwanakuu: "Fanya haraka, mwanangu, mbaazi ziko motoni.")

Ahsante kwa mchango huo wa kujenga. Mimi, Saif Jamaldin, karani wa godauni, mume wa Lamis kwa siku thelathini na tisa na saa ambazo nazihesabu, na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Reli ya Uani kwa uteuzi wangu mwenyewe, nimesimama mbele ya stekholda wote kutoa taarifa kamili. Mtakumbuka kwamba siku ya posa Bi Mwanakuu aliniuliza, "Mjukuu wangu utamfanyia nini ambacho nyumba hii haijamfanyia?" Nami, kwa sababu Lamis alikuwa nyuma ya pazia na chini yake palitokeza kidole kimoja cha mguu chenye hina, nilitamka mbele ya mashahidi kwamba nitajenga reli ya kukizunguka kisima hiki, na juu yake nitaendesha injini ya mvuke, mfano mdogo wa zile kubwa za zamani, lakini si kitu cha kuchezea watoto, bali chuma chenye tanuri, kinachokula makaa ya mawe, kinachokunywa maji na kupiga honi, na ambacho mtu mzima hukikalia mgongoni kama farasi.

(Mjomba Ishaq: "Uliiona wapi?")

Niliiona kwenye simu, Mheshimiwa. Mzungu mmoja mzee alikuwa akiizungusha katikati ya kabeji zake, na nyuma yake mkewe ameketi kwenye kibehewa, ameshika kikombe cha chai, na chai haikumwagika. Nilimtazama yule mama mara kumi na mbili, na kila mara alikuwa na uso wa Lamis.

(Mashangazi: "Yailahi!" Lamis anajifunika uso kwa leso.)

Na mtakumbuka kwamba Bi Mwanakuu alijibu kwa kauli ambayo tangu hapo imekuwa sera rasmi: Lamis atatoka nyumba hii kwenda kwake akiwa juu ya treni hiyo, kabla ya siku ya arubaini, la sivyo hatoki, na mimi nitaendelea kulala chumba cha juu cha ukweni, nikikohoa kila ninapotaka kushuka ngazi. Arubaini ni kesho. Vyumba vyetu viwili kule Liwatoni vimeshapakwa rangi, vinanuka samaki kidogo, na Lamis ameshashona mapazia. Hilo ndilo lililo mezani, waheshimiwa, na ndiyo sababu sauti yangu yatetemeka ingawa takwimu zangu hazitetemeki.

Takwimu! Hadi kufikia asubuhi ya leo mradi umekamilika kwa asilimia tisini na saba. (Makofi. Ngumbao anatazama viatu vyake.) Kamati ya fizibiliti, yaani mimi na Bwana Ngumbao, imefanya vikao kumi na vinne, tisa kati ya hivyo vikiwa na viazi karai. Njia imepimwa: mita thelathini na moja, kona nne na stesheni moja ya kisasa, ambayo ni jiwe la kufulia. Katika utafiti wetu tulikumbana na changamoto ya kimkakati, kwamba maji ya kisima hiki yana chumvi, na tumbo la injini ya mvuke likichemshiwa maji ya chumvi hufanya ukoko kama sufuria ya wali, na mwisho wake hutoboka; kwa hiyo Shirika likaunda Idara ya Maji Matamu, na Idara hiyo imekinga mvua kutoka paa hili mpaka yakajaa madumu sita, yale mliyokatazwa kuyagusa.

(Shangazi wa safu ya nyuma: "Na sisi twaoga maji ya chumvi!")

Maendeleo yana maumivu yake, shangazi. Na tukitaja maumivu, sitapita bila kutambua mti wa asmini wa Bi Mwanakuu, uliokuwa pale, zilipoanikwa shuka, katikati kabisa ya njia ya reli. Nilimwomba aung'oe, akaniambia, "Nishasikia." Najua uzito wa dhabihu hiyo. Ndiyo asmini aliyotiwa Lamis nywelani siku ya harusi, na hata leo harufu yake ikinipitia kazini nasahau namba za makontena.

(Ngumbao: "Hilo kweli. Juzi ametuma mchele badala ya misumari.")

Ahsante, Mkuu wa Idara. Sasa, dira yetu ya miaka mitano...

(Mjomba Ishaq: "Ngoja, bwana. Reli yenyewe iko wapi? Mimi hapa chini naona chokaa.")

Reli imechorwa kwa chokaa, Mheshimiwa. Hiyo ndiyo awamu ya kwanza.

("Na injini?")

Injini iko katika ile asilimia tatu iliyobaki.

("Na mna nini kingine humo katika asilimia tatu?")

Behewa. Na reli.

(Kicheko. Paka anakimbia. Ngumbao: "Saif, waambie, ndugu yangu. Mbaazi zitaungua.")

Waheshimiwa, nilimwandikia yule mzee wa kabeji nikamwomba anielekeze iuzwapo. Alinijibu kwa upole kwamba haikununuliwa. Aliijenga kwa mikono yake, kila bomba na kila msumari, kwa miaka kumi na mmoja. Miaka kumi na mmoja! Mimi nilikuwa nimebakiwa na siku ishirini. Nilitaka kuwaambia, lakini kila jioni Lamis alikuwa akiniuliza, "Treni yangu yaendeleaje?" na akiuliza hivyo hutabasamu upande mmoja, na Mkurugenzi Mkuu aliyeapa kusema kweli hujikuta akisema, "Vizuri sana, mpenzi."

(Bi Mwanakuu anainuka, anaziendea shuka, anazivuta kambani moja baada ya nyingine. Asmini imesimama pale pale, imejaa maua.)

Bibi... mti hukuung'oa?

(Bi Mwanakuu: "Niung'oe kwa treni gani? Nalikujua siku ile ile ya posa.")

Sasa kwa nini ulinikubali?

("Mtu aliyeongopa treni nzima kwa ajili ya mjukuu wangu, hatamnyima leso. Lakini kauli yangu sijaibatilisha. Ndani ya asilimia zako hizo, kuna kitu chochote chenye magurudumu?")

Kuna mkokoteni wa muuza maji, Bibi, uko mlangoni. Ngumbao ameuosha mara tatu, akatandika mkeka. Vichochoro hivi havipitishi kikubwa zaidi.

("Nao mkokoteni wapiga honi?")

Ngumbao apiga, kwa mdomo.

("Basi si haba.")

(Vigelegele.) Waheshimiwa, itifaki imezidiwa! Reli oyee! Mvuke oyee! Asmini idumu mahali pake! Namshukuru Bi Mwanakuu kwa ua wake, mashangazi kwa kuoga chumvi, madumu sita ni yenu kuanzia sasa, na naishukuru treni ambayo haikuwepo jana, haipo leo, na ambayo, Mungu akinipa uhai, nitaanza kuijenga Liwatoni Jumatatu, bomba moja moja, kwa miaka kumi na mmoja. Lamis, mke wangu, nilikuwa nikuombe mbele ya hadhara hii kama utakubali...

(Lamis hayupo kwenye kiti chake. Yuko mlangoni, ameshapanda mkokoteni, begi limelala mapajani, kikombe cha chai mkononi.)

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Ngumbao, sukuma polepole, chai isimwagike.