Mchanga Mpya wa Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesafiri leo kwenda kumuuguza mama yake. Atarudi Ijumaa. Kabla ya kuondoka aliniita kando akaniambia kwa upole (upole wake ndio unaoniua) kwamba tangi la samaki pale mapokezi ninapofanyia kazi limekuwa aibu. Kweli. Mchanga umeota utando wa kijani kama zulia kuukuu. Juzi mgonjwa mmoja aliuliza kama maji ya kusukutulia tunayachota humo. Daktari anasema watu wakiona hivi watadhani koleo zetu za kung'olea meno nazo ziko hivyo hivyo. Akirudi akakuta bado kijani, tangi na samaki wake vinakwenda kwa shemeji yake.

Nikajibu sawa Daktari, hamna shida. Kisha nikaenda chooni kushika moyo.

Samaki ni mmoja tu. Mdogo, rangi ya chungwa, mistari myeupe. Tunamwita Mheshimiwa kwa jinsi anavyovimbisha mashavu. Kila asubuhi nikiingia anakuja mpaka kwenye kioo kunilaki. Tangu nihamie mji huu, hakuna mwingine anayenifanyia hivyo.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma kuhusu matangi ya maji ya chumvi mpaka macho yakaniuma. Mkosaji ni mchanga! Mabaki ya chakula na kinyesi hujificha humo, na mwani, huo utando wa kijani, unajilia bila kunawa. Dawa ni kutoa mchanga wa zamani na kuweka mpya. Ila uende kona moja kwanza, usubiri wiki kadhaa, ndipo uende nyingine. Humo pia wanaishi bakteria wema wanaosafisha maji, na ukiwatoa wote kwa mpigo samaki anaweza kufa kwa uchafu wake mwenyewe.

Wiki kadhaa! Walioandika haya hawajaambiwa Ijumaa.

Muuguzi wetu, ambaye wagonjwa wanamwita Sindano, alipita akauliza kama mimi, mdogo wake, naanza kufuga ng'ombe, maana malisho yameshakuwa tayari. Nilipanga faili kwa hadhi.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya mpango. Sindano alikwenda kula. Mheshimiwa nilimhamishia kwenye ndoo, na maji yake ya tangi, na pampu yake ya hewa. Alinitazama kama mtu anayehamishwa kikazi bila barua. Nilimwambia asijali.

Ili kunyonya mchanga unahitaji bomba maalumu. Hatunalo. Lakini tunayo mashine ya kunyonya mate, ile ndogo ya magurudumu! Nilijipongeza. Ikanyonya vizuri. Ikakohoa. Ikanyonya tena. Ikakata roho.

Nilimalizia kwa vikombe vya kusukutulia. Chini kabisa mchanga ulikuwa mweusi, na ulipoguswa ukatoa harufu ya mayai viza iliyojaa chumba kizima. Mgonjwa mmoja akaingia ameshika shavu, akavuta pumzi, akasema jino limepona, akatoka.

Mchanga mpya niliouagiza jana ulikuja kwenye mfuko ulioandikwa OSHA KWANZA. Nikasikia viatu vya Sindano kwenye ngazi. Nikaumwaga ulivyo.

Tangi sasa ni maziwa. Mawe hayaonekani. Nilimwambia Sindano kwamba ni hatua ya kawaida ya kitaalamu.

Alhamisi, 6 Machi

Bado maziwa. Mheshimiwa yuko kwenye ndoo chini ya meza yangu na hatikisi mkia. Mapezi ameyabana. Nilikuwa namwandikia mama mmoja miadi ya kuziba jino, ndoo ikacheua. Akanitazama tumboni, akanishauri nipunguze maharage.

Sindano akainama chini ya meza. Nikajua nimekwisha. Nikasema yote, na machozi yalitoka, nakubali. Akasema we mtoto, umemtesa huyu kiumbe, sogea. Akakunja mikono ya sare yake. Akachota lita nyingi za maji mabaya, tukachanganya mapya na chumvi yake, akapachika pamba safi kwenye chujio na kuibadilisha kila ilipochafuka. Mawe aliyaacha. Alisema nayo yana hao bakteria wangu, nimwachie Mheshimiwa walau majirani.

Tukiwa tumekaa tunasubiri maji yatulie, akaniambia huwa anamlisha Mheshimiwa asubuhi kabla sijafika. Ana macho ya kuomba, maskini. Mimi humlisha nikifika. Daktari humlisha jioni; nimemwona. Kumbe mwani ule tuliupanda wenyewe, kwa mapenzi!

Sindano akacheka mpaka akashika ubavu. Nami nikacheka. Sikujua kwamba anacheka vizuri hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Maji yametakata! Tulimrudisha Mheshimiwa taratibu, tukimzoesha maji mapya kikombe kwa kikombe. Alilala ubavu. Nilishindwa kutazama, Sindano alinisimulia. Amelala. Bado amelala. Ameinuka. Anazunguka jiwe. Nikafumbua macho. Akaja moja kwa moja kwenye kioo, upande wa Sindano. Sina kinyongo.

Daktari akaingia. Hakuwa hata amefungua mdomo nilipoanza kukiri: mashine, ndoo, vikombe, mgonjwa aliyepona. Sindano alikuwa akinikanyaga mguu. Daktari alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema mama yake hajambo, ahsante kwa kuuliza. Aibu!

Hukumu: tangi linabaki. Mashine nitaipeleka mwenyewe kwa fundi. Mlishaji ni mmoja, mimi, mara moja kwa siku, kiasi cha kubana kwa vidole. Na lolote la tangi, kwanza nimwambie. Nikaapa.

Jumatatu, 10 Machi

Mchanga mweupe kama karatasi. Wagonjwa wanasifu. Mheshimiwa alinilaki kwenye kioo, nikamlisha kwa mujibu wa amri. Kisha akanitazama. Nikamwongezea kidogo sana. Hiyo haikuwa kulisha, ilikuwa kumpa pole. Sindano aliingia akasema yeye hajamlisha. Sikuwa nimemuuliza.

Kona ya kushoto nimeona doa la kijani. Nimelifunika kwa kokoto. Hakuna haja ya kumsumbua Daktari. Kesho akiwa na mgonjwa nitalisugua kwa mswaki wake mpya wa umeme. Ni mpole mno kwa fizi, wameandika kwenye boksi.