Uhakiki wa Evaresta

Ninayo furaha kuwatangazia wananchi wote wa Arusha, kuanzia Levolosi hadi miteremko ya Meru, kwamba tatizo la watoto hewa limedhibitiwa. Mimi, Ephraimu, Mratibu Mkuu wa Kamati ya Ulinganifu wa Mtoto, ndiye niliyelidhibiti. Wanaosema kwamba tatizo ndilo lililonidhibiti mimi ni wambea tu.

Chanzo chake ni Tahera. Huyu ni binti wa Levolosi, baba yake anauza misumari na mabati, naye ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Yaani huangalia kama mtoto anaweza kula, kuvaa, kucheza na kuandika, kisha humsaidia pale anapokwama. Kazi nzuri. Ila Tahera alituletea taarifa ya mtoto mmoja, Evaresta, wa kule juu ya Maji ya Chai, nayo ikaninyima usingizi. Hospitalini Evaresta hashiki hata kijiko. Shuleni, alikopelekwa kujaribiwa, penseli anaishika lakini inamponyoka. Nyumbani kwa bibi yake anamenya ndizi, anafunga mbuzi kamba na kumgombeza jogoo.

Sisi wazoefu wa serikali tukiona hivyo tunajua. Jina moja, watoto watatu. Wawili ni hewa, wapo kwenye karatasi tu.

"Mzee, mtoto ni yuleyule," Tahera alijitetea. "Hospitalini anaogopa sindano. Shuleni dawati ni refu, miguu inaning'inia. Nyumbani kazoea. Ndiyo maana tunampima kote."

"Binti, kote ndiko wizi unakoanzia," nilimjibu.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Evaresta alikuwa anasubiri uamuzi wetu aanze darasa la kwanza shule ya jirani, akiwekewa dawati fupi. Akionekana hawezi, anapelekwa kituo cha bweni, mbali na Bibi Hanna aliyemlea tangu akiwa mchanga. Nafasi ya kituo tulishaitenga, ikapita kwenye bajeti, na nafasi iliyopita kwenye bajeti lazima ipate mtu.

Nikaja na ubunifu. Badala ya mtaalamu kuyafuata mazingira, mazingira yamfuate mtaalamu. Tukaleta ukumbini kitanda cha hospitali, ubao wa shule, mafiga, mkungu wa ndizi na mbuzi. Nikatunga na kanuni: kinachohesabika ni kile tu ambacho mtu atafanya kwa mikono yake, ndani ya ukumbi, mbele ya Kamati. Habari za "nyumbani huwa anafanya" hazipokelewi. Mgeni rasmi nilikuwa mimi.

Bibi Hanna nilimsalimia kwa heshima zote. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona mbuzi wangu yuko juu ya zulia?"

"Ni uhakiki, mama."

Evaresta akasimamishwa katikati. Mbele yake kulikuwa na meza kuu, wajumbe wenye tai, kamera, na mheshimiwa mmoja asiyeacha kukohoa. Akapewa ndizi. Akaitazama, akatutazama sisi, akajificha ndani ya kanga ya bibi yake.

"Sifuri," nikatangaza kwenye kipaza sauti. "Mtoto halisi ni yule wa hospitalini."

Bibi Hanna akaanza kulia. Hapo mbuzi akapanda meza kuu na kulivamia shada langu la maua, wajumbe wakatawanyika huku wamejishika tai. Evaresta akatoka ndani ya kanga. Akamkamata mbuzi pembe, akamshusha, akamfunga kamba kwenye mguu wa meza, na fundo likakaza. Kisha akamenya ile ndizi, akaila, ganda akampa mbuzi.

"Mmeona?" Tahera aliruka.

"Haikuwa kwenye ratiba," nikasema.

Tahera akanisogelea. "Sawa, mzee. Ila kipimo kipya hujaribiwa kwanza kwa mtu mzima asiye na shida. Naomba nikujaribu wewe."

Nilikubali kwa bashasha. Nani kama mimi?

"Basi nimeshamaliza. Nimekuwa nakutazama tangu asubuhi." Akawageukia wajumbe. "Mlango wa gari kamfungulia Dismasi, msaidizi wake. Mkoba kabeba Dismasi. Kiti kavuta Dismasi. Chupa ya maji kafungua Dismasi, na kummiminia. Kunawa, kanawishwa. Hotuba kaandikiwa. Miwani kavalishwa. Kwa mikono yake mwenyewe, ndani ya ukumbi huu, hajafanya chochote. Sifuri."

"Nyumbani huwa nafanya mwenyewe!" nikafoka. "Huwezi kumpima mtu ukumbini! Hapa kuna itifaki! Njoo unione kwangu!"

Watu wakatazamana. Bibi Hanna akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Haya, baba. Mpigieni mkewe."

Dismasi akachukua simu yangu, akapiga, akauliza kama nyumbani huwa najifanyia mwenyewe, akaisogeza kwenye kipaza sauti.

"Ephraimu?" sauti ya mke wangu ikajaa ukumbi. "Afanye nini, huyu? Juzi nilienda msibani Moshi, nikaacha wali na maharage jikoni. Narudi usiku namkuta kalala njaa. Eti hakukuwa na mtu wa kumpakulia!"

Kamati ile niliifundisha mwenyewe kuheshimu utaratibu. Ikapiga kura bila hata kunitazama. Evaresta anaanza shule, kwa kuwa amemshinda Mratibu Mkuu, na fundi ameshaagizwa apunguze miguu ya dawati. Nafasi ya kituo haiwezi kubaki wazi, hivyo nitaripoti mimi Jumatatu.

Sina kinyongo. Niliomba kitu kimoja tu, kwamba Dismasi afuatane nami. Tahera amekataa katakata. Anasema matibabu yenyewe ni kuniachisha Dismasi.