Lugha ya Mama, na Mama Mwenyewe Hakuulizwa

Bi. Wilhelmina Aba Essilfie,
Mwoka Mikate,
Saltpond, Ghana.

Kwa Bi. Diep,
Mkuu wa Shule ya Kiingereza,
Hai Phong, Vietnam.

Bibi Mkuu,

YAH: KUKATALIWA KWA BINTI YANGU KWA SABABU INAYONIHUSU MIMI

Salamu nyingi kutoka Saltpond. Mimi ni mzima, unga unaumuka vizuri, na mvua zimeanza kwa adabu. Baada ya salamu hizo naomba ukae chini, maana ninayokuandikia hayafai kusomwa na mtu aliyesimama.

Mimi ni mama mzazi wa Ekua, yule binti mliyemhoji kwa simu ya video alipoomba kazi ya kufundisha watoto Kiingereza shuleni kwenu. Ndiyo kazi ya kwanza kuiomba tangu amalize chuo kikuu, na alikuwa ameiweka moyoni. Alishaanza kujizoeza kula kwa vijiti, akitumia penseli mbili na bakuli la maharage. Mkamwandikia kwamba mnasikitika kutomchukua "kwa kuwa Kiingereza si lugha ya mama yake". Tangu siku hiyo hagusi maharage. Nikimuuliza ananijibu, "Niko sawa tu, Maame," na mtu anayejibu hivyo huku ameupa ukuta uso hayuko sawa hata kidogo. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Huyo mama mnayemtaja ni mimi. Nilikuwapo muda wote wa mahojiano, nimekaa nyuma ya pazia, na mngetazama vizuri mngeona viatu vyangu. Hakuna aliyeniuliza ninasema lugha gani. Mmeuhukumu ulimi wangu bila kuusikia, wakati kwetu hata mbuzi hanunuliwi kabla ya kufunguliwa mdomo.

Mngeuliza ningewaambia. Sisi ni Wafante, na Ghana nzima inajua kwamba Mfante anakipenda Kiingereza kuliko waliokileta. Nyumbani kwangu Kifante ni marufuku tangu alfajiri mpaka sala ya usiku. Anayeponyokwa na neno moja huvishwa ubao shingoni, na ubao unakaa hapo mpaka mwingine aponyokwe. Kaka yangu Ebo ameuvaa sana hata baadhi ya wateja wanadhani ni cheo cha kanisani. Ekua hajauvaa tangu aote meno ya ukubwa. Hata mbwa wetu, Seneta, anajua Kiingereza peke yake. Mwizi akija akamwambia "tulia" kwa Kifante, mwizi huyo atang'atwa, na kosa litakuwa lake.

2. Katika taarifa ya mahojiano mliyomtumia Ekua mmeandika, na ninanukuu, "Mtahiniwa alisema anakuja, kisha akaondoka." Mmeliandika kama kosa, tena mmelipigia mstari.

Ukweli ni kwamba mkate ulianza kunukia, nami nikakohoa nyuma ya pazia. Ekua akawaambia, "Nakuja," akaenda tanurini. Aliporudi mlishakata simu. Sasa mlitaka aseme nini? Kwa Kiingereza chetu, mtu anayeondoka na nia ya kurudi husema "nakuja". Akisema "naenda", hapo ndipo watu huanza kulia, maana ama amenuna ama anahamia kwa mwanamume. Kiingereza cha wenzenu kinamruhusu mtu kutoka nje bila kuahidi chochote, halafu wanashangaa kwa nini wazee wao wanakaa peke yao.

3. Yule mtahini wenu kijana mwenye ndevu nyekundu alijimwagia chai. Ekua akamwambia pole, kama mtoto yeyote aliyelelewa. Najua katika Kiingereza neno la pole na neno la samahani ni moja, lakini mwenye masikio huyatofautisha. Huyo kijana akaandika, "Anaomba radhi kwa makosa yasiyo yake. Hajiamini."

Bibi Mkuu, mtu anaungua paja mbele yako, wewe ukae kimya ili aone unajiamini? Mimi humwambia pole hata mteja aliyejikwaa kwenye kizingiti cha mwenzangu anayeoka ng'ambo ya barabara, ambaye ni mshindani wangu na unga wake una mchanga.

4. Mahojiano yakiendelea, kaka yangu Ebo aliingia na kenkey yake, lile donge letu la unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki wa kukaanga, akaketi pembeni ale. Alipoona kuna watu kwenye simu alifanya linalopasa. Aliinua tonge akasema, "Karibuni, mmealikwa." Mlikuwa watatu na hakuna aliyejibu. Hata "asante, tumeshakula" haikutoka. Ebo aliacha chakula nusu, na watu wanaomfahamu wanasema hilo halijawahi kutokea. Ananiuliza tangu siku ile, "Dada, niliwakosea nini wale watu?"

5. Mmeambatanisha majina ya nchi saba ambazo akina mama wake ndio wenye Kiingereza. Sina ugomvi na nchi hizo, na baadhi ya raia wake huja hapa kutazama ngome za kale, wakapita kwangu kununua mkate. Juzi mmoja wao alisimama mbele ya meza yangu akazungumza muda mrefu sana, na mpaka anaondoka nilikuwa sijasikia kitenzi. Nilimwuzia mkate wa sukari kwa kukisia. Huyo, kwa kanuni yenu, anaweza kuanza kufundisha kesho asubuhi, kwa sababu tu ya mahali mama yake alipokuwa siku ya kujifungua.

6. Kwa kuwa kanuni yenu inapima akina mama na si walimu, naomba ifuatwe sawasawa. Mleteni mama yake yule mwenye ndevu nyekundu kwenye simu, nami nitakuwa upande huu, tushindanishwe tahajia, sarufi na kuomba dua kwa sauti. Niko tayari asubuhi yoyote isipokuwa Jumamosi, ambayo ni siku ya mikate ya arusi. Akishinda yeye, nitanyamaza. Nikishinda mimi, Ekua apewe darasa lake.

Na kama hilo nalo haliwezekani, basi tufike mwisho wa hoja. Ikiwa ulimi unaotakiwa ni wa mama, aliyeomba kazi kwa haki ni mama. Andikeni mkataba kwa jina langu. Nitakuja mwenyewe Hai Phong, nitakaa mbele ya darasa nikiwa nimefunga kilemba, na Ekua atasimama kando yangu kama msaidizi, afundishe. Mimi nitakuwa nikiitikia kwa kichwa ili watoto wajue kwamba kila neno limepita kwangu kwanza. Tanuri nitamwachia Ebo, jambo linaloonyesha ukubwa wa kujitoa kwangu.

Nina imani kwamba mwanamke mwenye cheo kama chako hatahitaji barua ya pili. Wasalimie walimu wote, mpishi wa shule, mlinzi wa lango, na watoto wale ambao Ekua aliwapa somo la majaribio kwenye simu hiyo hiyo, nikasikia wakicheka vizuri. Msalimie kijana mwenye ndevu nyekundu na mwambie apake ute wa yai palipoungua. Msalimie na mama yake pia, ambaye sina kinyongo naye mpaka siku ya mashindano.

Ndimi mwenye ulimi unaojadiliwa,

Wilhelmina Aba Essilfie (Bi.)

N.B. Kabla ya kuifunga bahasha nimemsomea Ekua barua hii ili anisahihishie nukta. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na hapo nikajua kuna jambo. Akaniambia kwamba mlishamwandikia tena wiki iliyopita. Watoto wa lile somo la majaribio wamemtaka yeye na wamewakataa wengine, nanyi mmempa kazi. Barua ameificha chini ya godoro. Nikamuuliza kwa nini anifiche habari njema kama hiyo, akasema, "Kila nikitaka kukwambia, Maame, nakuona unakanda unga peke yako."

Nilimjibu. Naye akanijibu. Tuliongea pale jikoni mpaka mkate ukaungua, na Ebo ndiye aliyetushtua, kasimama mlangoni amevua ubao, hajui amvishe nani. Bibi Mkuu, muda wote ule tulikuwa tunaongea Kifante. Mtoto anakijua chote. Anakijua mpaka methali, mpaka yale maneno ambayo mama yangu alinitulizia nikiwa na homa, na sikumbuki kumfundisha hata moja.

Kwa hiyo naondoa malalamiko namba moja hadi sita. Ninyi mlisema kweli na mimi nilisema uongo kwa nia njema: Kiingereza si lugha ya mama yake. Binti huyu ni Mfante mtupu, hafai kabisa kwa kazi yenu, na ninaunga mkono uamuzi wenu wa kwanza. Naomba mmkatae tena upesi, kwa maneno yale yale.

Kama mmeshachelewa, anapanda ndege mwezi ujao. Atafika ana njaa, na mkimuuliza atasema ameshiba. Msimuulize. Mpakulieni tu.