Sanduku la Barafu la Profesa

Profesa, ambaye shule aliipita kwa nje tu, alikuwa akizurura kwenye korido ya hospitali akitafuta mtu mwenye shida na haraka. Akamwona mama mmoja akiondoka kwenye dirisha la dawa mikono mitupu, analia. Roho ya Profesa ikachangamka. Riziki hiyo, akajiambia.

Akamsogelea na koti lake jeupe la kuazima. Mama akamweleza kuwa mwanawe alikatwa utumbo akiwa mchanga, ukabaki mfupi, chakula hakimwingii mwilini sawasawa, kila usiku analala na dripu. Sasa amepatiwa sindano ya kuchomwa kila siku, ya kuusaidia utumbo uliobaki ufyonze chakula, ili dripu ipungue. "Leo nimenyimwa, kwa sababu..."

Profesa hakungoja sababu. Mdomo wake haujawahi kuyapa masikio nafasi. Akamwambia atulie, dawa hiyohiyo anayo yeye, anaifuata sasa hivi.

Dawa yenyewe ni unga kwenye kichupa, huchanganywa na maji. Unga wa Profesa ulitoka jikoni. Lakini tapeli naye ana heshima ya kazi. Akamaliza mtaji wake wote kununua sanduku la barafu jipya, lenye kipimajoto, ili uongo usafiri kwa ubaridi unaostahili.

Aliporudi nalo, mama alilifungua, akalikagua, akafuta machozi.

"Zuri sana, kaka. Sasa jichome."

"Nani?"

"Wewe. Wodini kwetu mzazi hujichoma kwanza maji matupu mbele ya nesi, ndipo aruhusiwe kumchoma mwanawe. Mimi nilijichoma. Nawe jichome hiyo yako, nione."

Profesa alikitazama kichupa. Aibu ikamshika kweli: kitu alichokiogopa yeye na ubavu wake wote, alikuwa tayari kiingie kwa mtoto.

"Sindano naziogopa," akanong'ona.

"Basi beba vichupa vyako, sanduku liache. Dawa ya mwanangu ipo pale dirishani. Nilinyimwa kwa kukosa cha kuibebea, maana ikipata joto inaharibika. Au nimwite askari atuamue?"

Askari hakuitwa. Mama akarudi dirishani, akapewa dawa, na mfamasia alipouliza sanduku limetoka wapi, akamwonyesha kwa kidole kaka mwenye huruma. Foleni nzima ikageuka kumshukuru. Bibi mmoja akamwombea dua ndefu, na Profesa, unga mfukoni, akaitikia amina. Ameporwa mchana kweupe, na miaka yote hii ya kuuza dawa, leo ndiyo mara ya kwanza amemsaidia mgonjwa.